Taa ya oili kwenye Corolla 110: shajara ya kufungua pampu

Jumapili, 2 Juni. Kilomita 231,480

Jana jioni nikitoka Dodoma nilisimama Dumila kununua nyanya, injini nikaiacha ikiunguruma. Niliporudisha macho kwenye dashibodi, taa nyekundu ya oili ilikuwa inapepesa kama kibatari kwenye upepo. Nikakanyaga mafuta kidogo, ikazimika. Nikaachia, ikarudi. Nikazima injini, nikakaa nusu saa kando ya barabara, kisha nikachomoa dipstiki. Oili ipo, katikati ya alama mbili. Injini ilipopoa na kuwashwa tena, taa haikuonekana. Nikaja taratibu mpaka Morogoro, na kila nilipopunguza mwendo kwenye matuta ikawa inachungulia.

Nakiri kwamba sikupaswa kuliendesha. Nilipaswa kuomba kuvutwa.

Gari ni Corolla 110, injini ya 5A-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,498. Marehemu baba alilinunua mwaka 2009 na ndilo linalompeleka mama kliniki. Baba alikuwa na daftari la kaunta bukhu aliloandika kila kitu: tarehe, kilomita, kilichofanyika. Tangu afariki sijaandika hata mstari mmoja. Naanza leo, humo humo, chini ya mwandiko wake.

Jumatano, 5 Juni

Ushauri umekuwa mwingi. Kijiweni wananiambia ni swichi tu, ibadilishwe. Jirani anasema niweke oili nzito ya 20W-50, taa itazimika yenyewe. Mwingine ananisihi nisihangaike, niagize injini ya mtumba kutoka Dar.

Swichi nimeibadilisha kwa sababu ni rahisi na hutokea kweli ikadanganya. Taa imerudi injini ilipopata moto. Oili nzito nimekataa, maana taa ingezimika na ugonjwa ukabaki. Oili nene huchelewa kupenya kwenye bering (vipande laini vya chuma vinavyoshika mihimili inayozunguka) asubuhi injini ikiwa ya baridi, na hiyo ndiyo saa injini inapolika zaidi. Injini ya mtumba nayo inakuja na pampu yake yenye historia nisiyoijua.

Mama alinikuta nimefungua boneti. Akasema, "Baba yako asingekubali taa hiyo iwake siku ya pili." Ni kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa mzee mmoja fundi, mtu aliyemfahamu baba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza maelezo yangu mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: "Umepima?"

Sikuwa nimepima. Taa ya dashibodi si kipimo. Ni swichi inayowaka presha ikishuka chini sana. Haikwambii presha ni ngapi, wala kama ukiwa mwendo wa kasi injini inapata ya kutosha.

Mzee ana geji ya mkono yenye mpira mrefu. Tumefungua swichi tukafunga geji mahali pake. Hapa kuna jambo la kuangalia: tundu la swichi la Toyota lina nyuzi za Kiingereza, BSPT, robo ya nusu inchi, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani huja na nyuzi za Kimarekani, NPT, ambazo ni 27. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na mzunguko wa kwanza zinaingia vizuri kabisa. Ukilazimisha unaharibu tundu la bloku, na tundu la bloku halibadilishwi. Mzee ana adapta, ameifunga kwa kidole mpaka ilipokataa ndipo akashika spana.

Tumeacha injini ipate moto mpaka feni ikawaka mara mbili. Vipimo, kwa kilo kwa sentimita ya mraba:

Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta): 0.15. Mizunguko 3,000 kwa dakika: 1.6.

Kitabu cha Toyota kwa injini hizi kinataka 0.3 au zaidi kwenye sailensa, na kati ya 2.5 na 5.0 kwenye mizunguko 3,000. Kwa hiyo taa haikudanganya, na swichi ya zamani nimeitupa bure.

Nilikuwa tayari kusema ni pampu. Mzee akatikisa kichwa. "Pampu haitengenezi presha, mwanangu. Pampu inasukuma oili. Presha inatokana na oili kubanwa njiani." Akaeleza kwa mpira wa bustani: bomba ni lile lile na maji ni yale yale, ukibana mdomo wa mpira kwa kidole yanaruka mbali, ukiachia yanamwagika tu. Kidole hicho kwenye injini ni nafasi ndogo sana kati ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na bering zake. Bering zikilika nafasi inapanuka, presha inashuka hata pampu ikiwa mpya. Au chujio la ndani ya sampo, beseni la oili chini ya injini, limeziba, pampu haina cha kuvuta. Au valvu ya kuachia presha imekwama wazi, oili inarudi ilikotoka. Washukiwa ni wanne, na mtu akibadilisha pampu bila kuwahoji wengine watatu anaweza kulipa gharama yote na taa ikaendelea kuwaka.

Gari limebaki gereji. Leo nimerudi nyumbani kwa bodaboda.

Jumamosi, 15 Juni

Sampo imeshuka. Ili ishuke lazima uondoe bomba la mbele la eksozi linalopita chini yake, na boliti za eksozi ya gari la umri huu zinahitaji mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Tulizipulizia Ijumaa jioni, zote zimetoka bila kukatika. Sampo yenyewe ilikuwa imegandishwa kwa silikoni. Mzee hakuichokonoa kwa bisibisi. Aliingiza kisu chembamba cha kukatia silikoni, akakigonga pole pole kuzunguka ukingo wote. Ukipinda ukingo wa sampo, itavuja maisha yake yote.

Chini ya sampo kulikuwa na tope jeusi kiasi cha vijiko viwili hivi. Si zuri, lakini si la kutisha. La kutisha lilikuwa kwenye chujio, lile kombe lenye wavu ambalo pampu inavutia oili. Zaidi ya nusu ya wavu ilikuwa imezibwa na vipande vya silikoni, vingine virefu kama minyoo, rangi ya kijivu.

Jioni nimefungua daftari la baba. Machi 2018, kilomita 176,200: "Sampo imefunguliwa, ilikuwa inavuja. Imefungwa kwa silikoni." Ndiyo hiyo. Aliyeifunga, nani sijui, aliminya silikoni nyingi akidhani nyingi ndiyo salama. Ikitoka kwa nje unaiona na kuifuta. Ile inayotoka kwa ndani huioni, inakauka, inakatika, inaogelea ndani ya oili mpaka inavutwa kwenye wavu. Miaka sita injini imekuwa ikinywa kwa mrija ulioziba kidogo kidogo.

Kwa kuwa sampo iko chini, tumekagua bering za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. Nilikuwa nimeagiza plastigeji kutoka Dar, imekuja na basi jana: uzi mwembamba wa plastiki laini unaoulaza juu ya krenki, unafunga kifuniko cha bering kwa nguvu inayotakiwa bila kuzungusha krenki, unafungua, kisha unapima uzi umesagika kwa upana gani. Ukitanuka sana, nafasi ni ndogo. Ukibaki mwembamba, nafasi ni kubwa. Silinda ya kwanza hadi ya nne: 0.045, 0.05, 0.05, 0.045 za milimita. Bering mpya huwa kati ya 0.020 na 0.051, na mwisho wa kuvumiliwa ni 0.08. Rangi ya shaba haijatokeza popote. Nilikaa chini juu ya tairi nikamshukuru Mungu. Kama bering zingekuwa zimekwisha, hii ingekuwa shajara ya kushusha injini nzima.

Chujio limeoshwa kwa petroli na brashi laini, likapulizwa kwa hewa. Nilitaka tuendelee moja kwa moja kwenye pampu. Mzee akasema hapana, tufunge tupime kwanza, ili tujue chujio lilikuwa na hatia kiasi gani. Nilinung'unika moyoni kwa sababu ya kazi ya kufunga na kufungua tena, lakini alikuwa sahihi.

Jumapili, 16 Juni

Oili mpya, filta mpya, injini moto.

Sailensa: 0.2. Mizunguko 3,000: 2.6.

Vipimo hivi viwili vimenifundisha kuliko chochote nilichosoma. Juu, presha imepanda kwa kilo nzima na kuingia ndani ya kiwango. Chini, karibu haijasogea. Sababu, kama tulivyoichambua tukinywa chai: chujio lililoziba linaumiza zaidi injini ikienda kasi, kwa sababu hapo pampu inataka kuvuta oili nyingi kwa wakati mfupi na wavu haupitishi. Lakini kwenye sailensa pampu inavuta kidogo, hata wavu mchafu unatosha. Presha ikiwa bado chini hapo, na bering ni nzima, ina maana oili inavuja ndani ya pampu yenyewe, inapenya pembeni ya rota, magurudumu ya meno yanayozunguka ndani yake, na kurudi upande wa kuvutia. Pampu ikizunguka haraka inausukuma uvujaji huo ukashindwa. Ikizunguka taratibu, uvujaji unashinda.

Sasa pampu imeshitakiwa kwa ushahidi.

Jumamosi, 22 Juni

Kazi ya siku nzima. Kwenye 5A-FE pampu imekaa mbele ya bloku, imevaliwa na krenki moja kwa moja: meno ya rota ya ndani yanaingia kwenye meno ya krenki. Hakuna mnyororo wala gia ya kuiendesha. Krenki ikizunguka mara moja, rota inazunguka mara moja. Ni mpango rahisi na imara, ila ili uifikie unafungua kila kilicho mbele yake.

Mikanda ya nje. Jeki chini ya injini na ubao katikati, kisha maunti ya upande wa kulia. Puli ya krenki, boliti ya 19 iliyogoma mpaka tukaweka bomba refu kwenye mkono wa soketi, mimi nikiwa ndani nimekanyaga breki na gia ya tano imeingia. Makava ya taimingi. Kabla ya kulegeza mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki na kemi (mhimili unaofungua valvu), tuliweka alama: ya puli ya krenki kwenye sifuri, na tundu dogo la puli ya kemi likaangaliana na alama ya kifuniko cha bering. Mzee akaniamuru nipige picha kwa simu. Nimepiga tano.

Mkanda, gia ya krenki, sampo tena, chujio tena. Kisha boliti saba za pampu. Hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila boliti mahali pake. Pampu ikagongwa kwa nyundo ya plastiki, ikaachia.

Tumeifungua mezani juu ya gazeti. Rota mbili, ya ndani na ya nje, na ndani ya nyumba ya pampu mikwaruzo ya mviringo inayoshikika kwa ukucha. Vipimo kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kwa milimita:

Kati ya rota ya nje na nyumba yake: 0.26. Mwisho wa kuvumiliwa ni 0.20.

Kati ya ncha za rota mbili: 0.19. Mwisho ni 0.35, hapa pazuri.

Kati ya uso wa rota na rula iliyolazwa juu ya nyumba: 0.09. Mwisho ni 0.10, pananusurika.

Valvu ya kuachia presha ni kipistoni kidogo chenye springi nyuma yake. Jaribio lake halihitaji chombo: kipake oili, kiachie ndani ya tundu lake, kishuke chenyewe kwa uzito wake. Chetu kilishuka nusu kikasita. Kina mkwaruzo upande mmoja. Inawezekana kilikuwa hakifungi vizuri siku zote.

Kama rota peke yake ingekuwa imelika ungebadilisha rota. Nyumba ikilika, pampu nzima inaondoka. Tumeafikiana bila mjadala.

Nimeiosha hiyo pampu ya zamani nikaja nayo nyumbani. Mama aliishika, akaizungusha kwa kidole, akauliza, "Hiki kidogo hivi ndicho kinabeba gari zima?" Nikamwambia ndiyo, mama.

Jumatano, 26 Juni

Nimepanda basi la alfajiri kwenda Dar, nikaenda Gerezani mwenyewe. Nilikuwa na pampu ya zamani kwenye mfuko, maana kwa spea ya aina hii sample mkononi inazidi maelezo ya simu. Nimeonyeshwa tatu: ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani, ya boksi lisilo na jina la kiwanda, na ya boksi la kampuni inayojulikana, bei yake mara tatu ya ile ya katikati.

Ya mtumba niliiacha. Siwezi kuingiza ndani ya injini pampu iliyolika kwa kiasi nisichokijua ili kubadilisha nyingine iliyolika kwa kiasi ninachokijua. Kati ya mbili mpya, nilimwomba muuzaji ruhusa ya kufungua kifuniko na kupima. Alinitazama kwa mshangao kisha akanipa bisibisi. Ya bei nafuu: 0.19 kwenye nyumba, yaani imetoka kiwandani ikiwa imebakiza kidogo sana kufika mwisho. Ya bei kubwa: 0.11. Mpya inatakiwa iwe kati ya 0.08 na 0.18. Nimelipia hiyo, pamoja na gasketi yake, sili ya mbele ya krenki, mkanda wa taimingi na bering ya kukazia mkanda. Mkanda una kilomita nyingi na njia tayari imefunguliwa. Kuufunga ule wa zamani ungekuwa ubahili wa hasara.

Jumamosi, 29 Juni

Kufunga. Nusu ya siku imekwenda kwenye usafi, na sijutii. Uso wa bloku na ukingo wa sampo vimekwanguliwa silikoni yote ya zamani, vikafutwa kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Chujio limemulikwa kwa tochi, tundu kwa tundu.

Kabla ya kuifunga pampu mpya, mzee alifungua kifuniko chake, akaangalia alama za rota zimetazama upande wa kifuniko, kisha akajaza nafasi zote za rota kwa mafuta mazito ya vaselini ya kawaida, isiyo na manukato. Pampu kavu haiwezi kuvuta. Inazungusha hewa tu, na sekunde hizo krenki inazunguka bila oili. Vaselini inaziba nafasi ili pampu ianze kuvuta mara moja, kisha inayeyuka ndani ya oili ya moto.

Sili mpya imegongwa sawasawa, mdomo wake ukapakwa grisi. Gasketi mpya, pampu, boliti saba kwa nyutoni mita 21 kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Chujio na gasketi yake mpya pia. Hapo mzee alinisimamisha akanionyesha kwa nini gasketi ya chujio si ya kurudia: ikiruhusu hewa hata kidogo, pampu itavuta hewa pamoja na oili, presha itayumba, na utailaumu pampu mpya.

Silikoni ya sampo nimeipaka mimi. Mstari mmoja mwembamba, milimita 3 hadi 5, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti, bila kukatika. Mkono ulinitetemeka kidogo nikikumbuka ule mstari wa 2018. Boliti za sampo zinakazwa kwa nyutoni mita 5 tu. Ni za kushika, si za kukandamiza.

Taimingi imerudi kwenye alama. Krenki tumeizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zikakutana tena. Oili hatujaweka, silikoni ilale usiku kucha.

Jumapili, 30 Juni

Oili ya 10W-30, filta mpya iliyojazwa oili nusu. Plagi zote nne nje ili injini izunguke nyepesi, na soketi ya distribyuta imechomolewa ili isiwake. Geji imefungwa mahali pa swichi.

Stata sekunde kumi: sindano haijasogea. Tukapumzisha. Sekunde kumi tena: sifuri. Niliingiwa na hofu ya kweli, mikono ikapoa. Mzee akafungua geji, akatia oili kwa kopo lenye mdomo mrefu kupitia tundu la swichi, taratibu, mpaka likakataa kupokea. Akafunga. Stata tena, na sekunde ya sita sindano ikaruka ikasimama juu ya 1.0. Ilikuwa ni hewa iliyonaswa kwenye njia.

Plagi ndani, soketi ndani, ufunguo. Injini imewaka kwa mara ya kwanza baada ya siku nane. Tumeiacha ipate moto mpaka feni ikawaka mara mbili, kama siku ile ya kwanza.

Sailensa: 0.7. Mizunguko 3,000: 3.5.

Chini ya gari pakavu.

Jumapili, 7 Julai. Kilomita 231,702

Sabasaba. Nimekwenda Dumila na kurudi na mama kiti cha mbele, geji bado imefungwa, mpira wake umepitishwa ndani kupitia dirishani. Jua kali, malori mengi. Nimesimama mahali pale pale pa nyanya, injini ikiunguruma. 0.6. Mama akasoma namba kwa sauti, nami nikairudia.

Jumamosi, 3 Agosti. Kilomita 232,540

Nimemwaga oili mapema, baada ya kilomita elfu moja hivi, ili uchafu uliolegea utoke. Filta nimeikata kwa msumeno wa chuma, nikakunjua karatasi yake juani na kuipitisha sumaku: vumbi jeusi kidogo, hakuna chembe za chuma, hakuna silikoni. Sailensa bado 0.6 injini ikiwa moto. Swichi imerudishwa mahali pake, geji nimemrudishia mzee pamoja na kilo mbili za sukari, akacheka akasema nimeshaanza kuwa kama baba yangu.

Kwenye daftari nimeandika: "3 Agosti, kilomita 232,540. Oili 10W-30 na filta. Pampu mpya tangu 29 Juni. Sampo: silikoni mstari mmoja, upande wa ndani wa boliti. Kupima tena kilomita 237,500."